KADI YA MKOPO NI BUTURA YA MJINI

Mimi wiki hii nilikuwa Nyakasimbi, kwetu Karagwe, kuwasalimu wazee. Nilikwenda najiona mjanja wa mjini. Nilivyorudi, ujanja wote kwisha!

Ilikuwa hivi. Jioni tumekaa uani kwa baba mdogo, mibuni imejaa maua meupe, harufu yake acha tu. Nikamwambia, "Baba mdogo, mwaka huu utavuna hela."

Akajibu, "Kahawa hiyo siyo yangu. Nimeshaiuza."

Nikashangaa. Kahawa gani inauzwa ikiwa maua? Akanikumbusha butura. Wewe ambaye hujafika Kagera, butura ni hivi: mkulima kabanwa na shida, anamwendea mwenye fedha, anapewa hela leo kwa kahawa itakayoiva miezi kadhaa ijayo. Bei anapanga mwenye fedha, na siku zote iko chini ya bei ya msimu. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida haijui marufuku. Baba mdogo alikuwa na kijana wa kumpeleka shule ya bweni: godoro, sanduku, sare, nauli. Angefanyaje?

Mimi kwa kiherehere nikacheka. "Hapo umepigwa changa la macho!" Mzee hakucheka. Akauliza, "Na ninyi wa mjini mnakopaje?"

Basi nikavimba kichwa, nikaanza kummwagia habari za kadi ya mkopo aliyonayo mshikaji wangu wa Dar, mtoto wa ofisini. Nikamweleza kwamba kadi wanazotembea nazo Wabongo wengi si za mkopo. Zile zinakata hela yako mwenyewe iliyoko benki. Ya mkopo inakata hela ya benki. Unawekewa kikomo, unanunua, mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba. Ni mambo ya wenzetu Marekani: kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950, na mwaka 1958 benki moja ikawatumia maelfu ya watu wa mji wa Fresno kadi ambazo hata hawakuziomba.

"Na asipolipa lote?" mzee akauliza.

Hapo ndipo penye kasheshe. Benki inakuruhusu kulipa kiasi kidogo tu, na roho yako inatulia. Chukua mfano: unadaiwa shilingi 400,000, riba asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 12,000. Ukilipa 20,000, deni limepungua 8,000 tu! Endelea hivyo mwaka mzima bila kununua hata pipi: umetoa 240,000 na bado unadaiwa zaidi ya 286,000. Na ukiitumia kadi hiyo kutoa hela taslimu kwenye mashine, mara nyingi unakatwa ada na riba inaanza siku hiyo hiyo.

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Sasa huyo rafiki yako naye kauza mshahara ukiwa maua."

Nikakosa jibu. Maana, msomaji wangu, leo sikufichi kitu, na mimi nimo. Sina kadi, lakini nina simu. Kuna siku nilikopa 60,000 kwenye programu moja ya simu, nikanunua raba kali na kuwatoa washikaji. Siku ya kulipa sina kitu, nikakopa kwingine kulipa kwanza. Kufumba na kufumbua, wale jamaa wakaanza kutuma meseji kwa watu walioko kwenye simu yangu, kwamba mimi ni tapeli.

Nilidhani kijijini haikufika. Kumbe! Mzee akasema taratibu, "Ile meseji yako na mimi niliipata. Nikanyamaza, nikasema utakuja mwenyewe."

Bwana wee, nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyemcheka mtu aliyeuza kahawa ili mtoto asome, nilikuwa nimeuza jina langu kwa raba.

Sasa tuongee kiutu uzima. Kukopa si dhambi. Ila kabla hujagusa kadi au kubofya "kubali", jiulize mambo matatu. La kwanza, nitarudisha jumla shilingi ngapi, siyo "asilimia" tu? La pili, hela ya kulipia inatoka wapi na tarehe ngapi? Kama jibu ni mkopo mwingine, acha. La tatu, anayenikopesha ana leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ikiwa programu inataka kuona majina yote kwenye simu yako, ujue inatafuta wa kumwambia ukichelewa.

Na wewe mwenye kadi, lipa deni lote kila mwezi. Ukishindwa miezi miwili mfululizo, ifungie kabatini mpaka deni liishe.

Mimi nimebakiza malipo mawili. Raba zenyewe zimeshatoboka. Wahenga hawakukosea: kukopa harusi, kulipa matanga.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na kama una deni la mtu, usijifanye hujaisoma makala hii!