Ukeketaji na Hesabu za Mahari Mkoani Mara

Husemwa mara nyingi kwamba ukeketaji wadumu mkoani Mara kwa sababu ya ujinga. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Mzazi ampelekaye binti yake kwa ngariba mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa, huwa amekwisha kupiga hesabu zake. Ubaya wa hesabu hizo ni kwamba gharama hulipwa na mtoto.

Kwa mila ya Wakurya, msichana asiyekeketwa huitwa msagane, yaani mtu ambaye hajatoka utotoni hata kama umri wa kuolewa umefika. Huchekwa na wenzake, na ng'ombe wa mahari yake huwa mashakani. Ng'ombe hao si fahari tu. Kampuni ya mjini ikiona uchumi unayumba huogopa kukopa, ikajiwekea akiba ya fedha; mkulima asiye na benki wala bima akiba yake ni zizi, na mvua zikikosekana njia ya haraka ya kulijaza ni kuoza binti. Mwaka 2020 wachumi Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena walionyesha kwamba ukame huongeza ndoa za wasichana wadogo katika Afrika kusini ya Sahara, ambako mahari huenda kwa wazazi wa binti. Nchini India, ambako upande wa binti ndio utoao mali, ukame huzipunguza ndoa hizo.

Je, mahari yanahitaji kisu? Jibu liko mumo humo mkoani. Wajaluo wa Rorya hutoa na kupokea ng'ombe, wala hawakeketi mabinti. Wajita wa Musoma na Bunda hawakeketi pia, na binti zao huolewa. Kisu, basi, ni sharti walilojiwekea waoaji wenyewe. Madhara yake yanajulikana: uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, uliohusu wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulionyesha kwamba waliokeketwa hupatwa zaidi na hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na watoto wao hatari ya kufa.

Lakini sharti la waoaji haliondolewi na baba mmoja. Akikataa peke yake, atakayechekwa ni binti yake. Mwaka 1996 Gerry Mackie, mtaalamu wa siasa, alieleza jinsi desturi ya kuwafunga wasichana miguu ilivyokoma upesi nchini China: wazazi walijiunga katika vyama, wakaahidi kutowafunga binti zao, na pia kutowaruhusu wana wao wa kiume kuoa waliofungwa. Ahadi hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau.

Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Nchini kote, wanawake waliokeketwa walishuka kutoka asilimia 18 mwaka 1996 hadi 10 mwaka 2015-16, ingawa Mara walikuwa bado 32. Nyumba salama za Mugumu na za wilaya ya Butiama, iliko Mwitongo ya Mwalimu Nyerere, hupokea wasichana wanaotoroka. Ni kazi njema. Ila kijana atakayemwoa msichana huyo hakuna aliyezungumza naye. Yupo darasani, kidato cha tatu au cha nne. Mwalimu na amwulize kabla ya likizo ya Desemba, mbele ya baba yake na wenzake: je, utamwoa msagane?