Shule Isiyouliza Haiwezi Kufunza Kuuliza

Si jambo geni kwa mwalimu yeyote nchini. Kikao kinaitishwa asubuhi, mwalimu mkuu anasoma maagizo, kisha anauliza kwa adabu: "Kuna swali?" Kimya kinatanda na kikao kinafungwa. Saa nne, wakati wa chai, maswali yote yaliyokosekana kikaoni yanamiminika, tena yenye makali. Je, mwalimu anayeogopa kuuliza atawafunza vipi watoto wetu kuuliza?

Swali hili lina uzito kwa sababu mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataja umilisi wa kimsingi wa aina 7, na mmojawapo ni uwazaji wa kina na utatuzi wa matatizo. Mwanafunzi anatarajiwa kupima ushahidi, kulinganisha rai na kutetea msimamo wake. Lengo hilo ni jema. Hata hivyo, mtoto hajifunzi mambo hayo kwa kuyakariri, bali kwa kuwaona wakubwa wakiyatenda. Akimwona mwalimu wake akipokea kila agizo kama wahyi, atahitimisha kwamba kuwaza ni mada ya mtihani tu.

Yamkini wapo watakaonijibu kwa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sibishi. Lakini wahenga hao hao walinena kuwa mkubwa ni jaa. Jaa hutupiwa kila kitu, nalo halilalamiki. Anayetaka heshima ya ukubwa sharti aubebe na mzigo wake, ambao ni kuambiwa asiyopenda kusikia.

Kunyamaza mbele ya mkubwa si ugonjwa wa shule pekee, na kwingineko kumegharimu maisha ya watu. Mnamo tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Sisi wanaisimu hukitaja kisa hiki kwa sababu ya utata wa lugha. Msaidizi wa rubani wa ndege ya Uholanzi alitamka redioni maneno ambayo mwongozaji alidhani yana maana kwamba ndege iko tayari kuruka, ilhali ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Lakini mlikuwamo jambo jingine. Mhandisi wa ndege hiyo aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imeondoka njiani. Rubani, ambaye pia alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani, alijibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Mhandisi hakurudia swali lake. Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, mashirika ya ndege yalianza kuwafunza wadogo kusema bila kusita, na wakubwa kusikiliza.

Mhandisi yule aliuliza, ila hakuhoji. Katika Kiswahili maneno haya mawili hayalingani. Kuuliza ni kutafuta jibu, na jibu lolote laweza kutosha. Kuhoji, neno lenye udugu na hoja, ni kudai sababu. Kukaidi nako ni kukataa agizo hata baada ya sababu kutolewa. Shule zetu nyingi zimechanganya la pili na la tatu, hivi kwamba mwalimu anayehoji huitwa mkaidi.

Nami sijitoi lawamani. Nilipokuwa mwalimu kijana wa sekondari, niliona kwamba karatasi ya mtihani wa mwigo ilikuwa na maswali ya ufahamu yasiyoafikiana na kifungu chenyewe. Mkuu wa idara alikuwa ameshaiidhinisha, nami nikaona si adabu kumsahihisha mtu aliyenizidi umri na cheo. Karatasi ikachapishwa na watahiniwa wakahangaika. Adabu yangu haikumfaa mkuu wa idara, wala haikuwafaa wanafunzi.

Tufanyeje basi? Kwanza, mwalimu mkuu atoe sababu pamoja na agizo. Anayeambiwa sababu huweza kuipima, na akiridhika hulitekeleza agizo kwa moyo. Pili, ajenda ya kikao itolewe siku mbili au tatu mapema, na mwalimu mdogo kabisa apewe nafasi ya kusema kwanza, kabla mkubwa hajatoa rai inayofunga vinywa vya wengine. Tatu, nasi walimu tuache kulalama penye chai. Anayesema "ratiba hii ni mbaya" amelalamika tu. Anayesema "ratiba hii inampa mwalimu mmoja madarasa mawili saa moja ya Jumanne, na hivi ndivyo tunavyoweza kuirekebisha" amejenga hoja, na hoja ya aina hiyo ni vigumu kuiita ukaidi.

Nawageukia wanafunzi wa vyuo vya ualimu, maana hivi karibuni mtaketi katika vikao hivyo. Siku mtakapoulizwa kama kuna swali, nanyi mnalo, ulizeni kwa heshima. Mkijibiwa bila sababu, ulizeni tena. Na siku mtakapokuwa ninyi ndio wakuu, mkasikia kimya kikitanda, msikidhanie kuwa ni ridhaa.