Kifafa cha mimba: dawa kwanza, picha baadaye

Jirani yangu hapa Kabalagala, mama anayeleta vitenge kutoka Busia, alishikwa na degedege akiwa na mimba ya miezi minane. Nilikuta ndugu zake wakichangishana fedha za kupiga picha ya kichwa, na mgonjwa bado yuko sakafuni! Eti bila picha daktari hawezi kujua ugonjwa.

Mimi ni mwalimu tu, lakini hilo si kweli. Mjamzito aliyepita wiki 20 akipata degedege na presha imefika 140 kwa 90, madaktari huchukulia ni kifafa cha mimba na kuanza tiba papo hapo: sindano ya magnesiamu salfeti, dawa ya presha, kisha mtoto azaliwe. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye dalili za awali katika nchi 33, ulionyesha sindano hiyo hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Nayo ni rahisi kwa bei.

Picha ina kazi yake: degedege likikataa kukoma, upande mmoja ukipooza, au mgonjwa asipozinduka, ili kuona kama damu imevuja au kuganda kichwani.

Huenda ni sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tulioleta imani kwamba hospitali ni mashine.

Tulimlaza ubavu wa kushoto, tukatafuta gari. Alichomwa sindano, akajifungua, akazinduka. Picha hakupigwa. Ninyi wa Busia na Mutukula, mkiwa wajawazito, pimeni presha kabla ya kupanda basi.