Nati Ndogo, Roho za Watu

Pikapu katika nchi yetu ni zaidi ya gari. Ni ghala la mazao, ni chombo cha harusi na cha msiba, na huko ambako gari la hospitali halifiki ndiyo hubeba mgonjwa usiku. Kwa familia nyingi ni shamba la pili, maana ndiyo inayoleta ada ya shule na unga wa mwezi. Kwa sababu hiyo mambo ya pikapu ni mambo ya nyumbani, na hatuoni haya kuyaleta katika ukurasa huu ambao Jumapili nyingine huzungumzia malezi na mapishi.

Juma hili, ndugu msomaji, tuzitazame nati za magurudumu. Ni vitu vidogo, vya bei ndogo, ambavyo mwenye gari hupita mbele yake kila asubuhi bila kuvitupia jicho. Lakini waliosema mdharau mwiba mguu huota tende hawakukosea.

Gurudumu la pikapu ya tani moja, rimu pamoja na tairi yake, lina uzito unaokaribia kilo 30. Likichomoka gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, halisimami pale lilipochomokea. Huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Kugongwa nalo ni sawa na kuangukiwa na mzigo huo kutoka ghorofa ya nane. Aghalabu anayelipokea si dereva wala abiria, bali ni mtu wa pembeni: mama aliyepanga nyanya zake kando ya barabara, au mtoto anayetoka shule.

Ni nini hasa kinacholishika gurudumu?

Watu wengi hudhani kwamba gurudumu limeangikwa kwenye zile bolti zinazochomoza katika kitovu chake, kama kanzu inavyoangikwa kwenye msumari. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta bolti, na bolti, ijapokuwa ni ya chuma kigumu, hurefuka kidogo. Kwa kuwa chuma hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, huibana rimu kwenye kitovu kwa nguvu kubwa mno. Kubanana huko kwa nyuso mbili ndiko kunakobeba mzigo, kunakopokea breki na kunakostahimili mashimo. Nati ni mlinzi tu wa mkazo huo.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kila gurudumu lina bolti 6 zenye unene wa milimita 12. Ukiweka uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30, utakuwa umekaza kwa takriban Nyutoni-mita 105. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, kila bolti iliyokazwa hivyo hubana kwa nguvu ya tani 4 na ushei, na zote 6 kwa pamoja hupita tani 20. Lakini bolti yenyewe imerefuka kiasi gani? Haufiki hata unene wa karatasi moja ya daftari. Uhai wa watu wote waliomo garini umehifadhiwa katika unene huo.

Wanaojua kuwamba kitanda cha kamba wataelewa mara moja. Kamba mpya ikishawambwa, baada ya usiku wa kwanza na wa pili hujinyoosha, na fundi hurudi kuikaza. Haina maana kwamba aliwamba vibaya. Kamba imetulia mahali pake. Gurudumu lililofungwa upya nalo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kitanda kikilegea utaamka na maumivu ya mgongo, na gurudumu likilegea huenda usilale nyumbani kabisa.

Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio namna nati inavyofunguka yenyewe. Vitu vilivyobanwa vikipata nafasi ya kuteleza, hata kidogo sana, upande huu na upande huu, nati huanza kuzunguka bila kuguswa na mtu. Mkazo ukitosha hakuna kuteleza, na nati hutulia. Mkazo ukipungua, kila shimo na kila tuta huizungusha kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni uchafu unaoachwa kati ya rimu na kitovu: kutu, matope makavu, na hasa rangi. Rimu iliyopakwa rangi nzito mpaka ndani huonekana mpya na hupendeza macho ya mnunuzi. Lakini rangi iliyo chini ya nati na nyuma ya rimu husagika gari linapotembea. Tumesema kwamba mkazo wote umo ndani ya unene usiofika karatasi moja. Rangi ikisagika kwa kiasi hicho, mkazo umekwenda nayo, hata kama nati haijazunguka hata chembe. Hapo ndipo fundi anapoapa kwamba alikaza, naye anasema kweli, na gurudumu linachomoka.

Adui wa pili ni nati isiyo ya rimu ile. Nati ya rimu ya chuma huwa na ncha iliyochongwa mshazari mfano wa pia, nayo huketi katika tundu lililochongwa vivyo hivyo. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutaka nati yenye shingo na wosha bapa. Mtu akinunua rimu za aloi, akazifunga kwa nati za rimu za zamani, nati hugusa ukingo mwembamba tu badala ya kuketi. Itakaza, mkono utahisi ugumu, na macho yatadanganyika. Aidha nati lazima iingie ya kutosha. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hesi za kawaida za Kijapani, nati husogea milimita moja na nusu kila izungukapo, na kanuni ya mafundi ni kwamba iingie kwa kina kisichopungua unene wa bolti, yaani mizunguko 8. Ikikwama baada ya mizunguko 4, usifurahi kwamba kazi imekwisha upesi.

Adui wa tatu ni nguvu zilizopita kiasi. Utamwona utingo amechomeka bomba la mita nzima kwenye spana, kisha akasimama juu yake na kurukaruka. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba hilo anakaza kwa karibu Nyutoni-mita 700, zaidi ya mara sita ya kiasi kinachotakiwa. Mkanda wa mpira wa suruali ya mtoto ukivutwa mno haurudi tena, na chuma ni vivyo hivyo. Bolti iliyorefuka kupita kiasi haibani tena, na siku moja hukatika ghafla, na jirani zake, zikielemewa, hufuata. Mashine ya upepo mikononi mwa asiyejua kipimo hufanya madhara hayo hayo, tena kwa haraka zaidi. Kupaka grisi kwenye hesi nako huongeza mvuto kwa nguvu ile ile ya mkono, kwa hiyo tusipake ila kitabu cha gari kiwe kimeruhusu.

Wapo pia wanaokata bolti kwa kutojua upande. Katika malori mengi ya Kijapani ya miaka ya nyuma, magurudumu ya kushoto yana hesi za kushoto, ambazo hufunguliwa na kukazwa kinyume cha mazoea. Aliyezoea pikapu, akipewa lori na bomba, huweza kumaliza bolti zote huku akijiona shujaa.

Kutoka Mombo hadi Segera

Tuseme pikapu imeteremka kutoka Lushoto na shehena ya kabichi na karoti kwenda Dar es Salaam, ikapata pancha Mombo. Kuna giza, mboga zinanyauka, na soko halimngoji mtu. Kinachofuata hapo ndicho kinachoamua mengi.

Gurudumu la akiba likishushwa, litazamwe nyuma, mahali linapogusana na kitovu, na pafutwe matope na kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Nati zianzwe kwa vidole, zote, mpaka zikolee kwenye hesi bila kulazimishwa. Kisha zikazwe kidogo kidogo kwa kuvukiana: ukikaza ya juu, inayofuata iwe ya mkabala wake, wala si ya jirani, ili rimu iketi sawasawa. Jeki ishushwe, na ukazaji wa mwisho ufanywe gurudumu likiwa limegusa ardhi. Spana ya kipimo ndiyo hakimu wa kweli. Bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini madereva wa kijiwe kimoja wakichanga wanaweza kuwa nayo moja ya kutumia wote.

Sasa jambo kubwa kupita yote. Baada ya kilomita 50 hadi 100 gari lisimame, nati zikazwe tena kwa kipimo kile kile. Dereva wetu wa Mombo afikapo Segera ashuke. Ni kazi ya dakika tano. Ndiyo kamba ya kitanda kurudiwa, na ndilo jambo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu gari linaonekana linatembea vizuri.

Gari husema kabla ya kufa

Ni nadra gurudumu kuchomoka bila kutoa taarifa. Usukani hutetemeka kwa namna ambayo jana haikuwapo. Gari likienda polepole husikika mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa gurudumu. Kwenye nati huonekana michirizi ya kutu kama machozi, au chuma kinachong'aa pale ambapo rimu imekuwa ikisuguliwa. Dereva akisikia au kuona hayo asiseme nitafika kwanza. Asimame hapo hapo penye usalama.

Akikuta nati zimelegea, asizikaze tu akaondoka. Atazame matundu ya rimu: yakiwa yametanuka na kuwa kama yai, rimu hiyo imekufa, na kuichomelea ni kuipaka maiti uturi. Bolti moja ikikatika, mafundi makini hubadilisha pia zile mbili za ubavuni mwake, kwa kuwa zimebeba mzigo usio wao. Zikikatika mbili, hubadilisha zote. Nati zikipotea njiani, yawezekana kuazima moja moja kutoka magurudumu mengine yenye nati 6, ili mradi gari liende polepole, bila mzigo wala watu, mpaka kwa fundi aliye karibu. Lakini hiyo ni dawa ya kufikia hospitali, si ya kuishi nayo. Kirikuu zetu zenye nati 4 tu kwa kila gurudumu hazina hata akiba hiyo ya kuchezea.

Nani aulizwe?

Mwenye gari husema hiyo ni kazi ya dereva. Dereva husema ni ya utingo. Utingo husema fundi wa pancha ndiye aliyefunga. Fundi naye husema gari liliondoka likiwa zima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mmoja huuona mwepesi akiwa habebi yeye.

Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, baada ya watu kuuawa na magurudumu yaliyochomoka kwenye malori katika miaka ya 1990, Serikali ilichoshwa na majibu ya namna hiyo. Mwaka 1997 ilitunga sheria kwamba gurudumu la gari la biashara likichomoka, wenye dhamana ya gari hilo wana hatia, wala haiwafai kujitetea kwamba walichukua tahadhari. Faini iliwekwa kuanzia dola 2,000 hadi 50,000 za huko. Mtu anaweza kuiona sheria hiyo kuwa kali mno, lakini ilikata mzizi wa visingizio.

Sisi hatuna haja ya kungoja faini. Iko njia rahisi ambayo familia yoyote inaweza kuianza kesho. Nati zikishakazwa kwa kipimo na kurudiwa, chukua rangi nyeupe, au hata rangi ya kucha kutoka kwenye meza ya mama au ya binti, uchore mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati na kuendelea juu ya rimu. Nati ikizunguka, mstari utakatika. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulizunguka gari asubuhi, akahesabu mistari, akasema umekatika mmoja. Mstari hautaonyesha mkazo uliopotea kwa sababu ya rangi au kutu, kwa hiyo spana isitupwe. Lakini utawafanya watu wa nyumba nzima wazoee kuyatazama magurudumu kabla ya injini kuwashwa.

Na mwenye gari asimkaripie dereva aliyesimama Segera kukaza nati. Kabichi zikichelewa dakika tano zitauzwa. Amwulize, kila arudipo safari, kama alisimama, na dereva akijua kwamba ataulizwa, atasimama.