Daktari Hachaguliwi kwa Alama Peke Yake

Ndugu yangu msomaji, kijana akija kuposa, hatumwozi binti yetu kwa kutazama cheti chake. Twauliza: tabia yake vipi, na akikasirika huwaje? Basi ni ajabu kubwa kwamba yule tutakayemkabidhi roho zetu, atupasue matumbo na auone utupu wetu, twamchagua bila ya kumwuliza hata neno moja! Leo Tanzania kijana huingia chuo cha udaktari kwa alama zake za Kidato cha Sita: Fizikia, Kemia na Biolojia. Zikitosha, kaingia.

Nimesomesha watoto Heru Juu, katika nyanda za Kasulu, Kigoma. Sisi wa pwani tuliwazoea Waha kuwa ni manamba wa mashamba ya mkonge Tanga. Wengi wetu hatukujua kuwa kwao ni watu wa adabu nyingi, huamkiana kwa kupiga makofi, na kuikata salamu ni ufidhuli. Bibi mmoja wa huko alikwenda kutibiwa, mahali sipataji. Akaanza kumwamkia daktari kama alivyolelewa. Daktari, bila ya kuinua uso, akamwambia, "Sema ugonjwa, watu ni wengi." Bibi akasema ni kichwa. Kumbe lililomleta ni uvimbe wa titi, akaona haya kuutaja. Akarudi na vidonge vya kichwa. Alipokwenda tena, wakati ulikuwa umepita. Alama za daktari yule zilikuwa nzuri, sina shaka.

Atakuja mtu aseme: "Sheikh, mahojiano ni mlango wa upendeleo." Neno hilo si la kutupwa. Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka mwombaji wa Chuo Kikuu afanye kazi kwanza, kisha alete mapendekezo ya mwajiri na ya Chama; mwenye kushika kalamu ya mapendekezo akawa ndiye wa kubembelezwa. Na mtoto wa Heru Juu, mwenye lafudhi ya Kiha, akiwekwa mbele ya bwana mmoja wa mjini, huenda akachekwa kabla hajajibu. Lakini kisu kikimkata mtu hutiwa mpini mzuri. Hakitupwi, mboga ikakatwa kwa meno!

Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilionyesha njia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwombaji huzungushwa vyumba kadhaa, dakika chache kila kimoja, kila chumba na mwulizaji wake: hapa ampe mtu habari mbaya, pale aseme angefanyaje akiona mwenziwe kakosea. Wote huulizwa yale yale. Chuki ya mmoja haimwangushi mtu, wala udugu wa mmoja haumpandishi.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 319 Hijria, yaani 931, mgonjwa alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit, wakatahiniwa zaidi ya 860. Yasimuliwa kuwa alikuja mzee mmoja nadhifu, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika. Sinan akamruhusu, kwa sharti asimtibu mtu kwa asilolijua. Ukweli ule haukutoka katika karatasi. Ulitoka uso kwa uso.

Basi alama ziwe mlango wa kwanza, na mahojiano ya haki yawe wa pili. Nawe mzazi, unayemsukuma mwanao asome udaktari kwa ajili ya mshahara, mhoji wewe kwanza. Mwulize: bibi wa Heru Juu akikuamkia, utainua uso?