Sumu ya Mwindaji Katika Chungu cha Maskini

Kiswahili huyaita madini yale mazito, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, kwa jina moja: risasi. Zamani halikuwa kosa, kwani vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Leo si lazima viwe kimoja, na mwindaji ashikiliaye kuwa ni lazima amebaki na kasumba tu.

Mwaka 2008 jimbo la North Dakota, Marekani, lilipata fedheha isiyostahili kusahauliwa. Wawindaji walikuwa wametoa nyama ya kulungu kuwa sadaka kwa watu wasiojiweza. Nyama hiyo iliyosagwa ilipopigwa picha, pakiti nyingi zilikutwa na vipande vya risasi, na wakuu wa afya wakaziagiza ghala za msaada ziitupe. Chembe hizo ni ndogo mno, mlaji hazioni wala hazihisi mdomoni. Shirika la Afya Duniani limekwisha tamka kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na waumiao zaidi ni watoto, ambao ubongo wao ungali unakua. Mwindaji alibaki na pembe zake ukutani, maskini akagawiwa sumu.

California ilipiga marufuku kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji tangu Julai 2019, baada ya kuona tumbusi wake wakubwa, waliokuwa wamebaki 22 tu mwaka 1982, wakifa kwa kula mizoga na matumbo yaliyoachwa porini. Denmark ikafuata mwaka 2024.

Wapinzani husema shaba haiui vizuri, tena huharibu bunduki. Baadhi yao ni watu wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani, na hapo ndipo kosa lilipo. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina uzito wa gramu 11.34, ya shaba ni 8.96. Basi kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Akisukumizaye ndani ya ganda kwa kipimo cha zamani hubana nafasi ya baruti, na mshindo hupanda kufikia hatari. Fundi mwangalifu huchagua kichwa chepesi kidogo, hufuata jedwali la mtengenezaji, huanza na baruti kidogo, kisha huongeza polepole. Pia hukubali kutopiga kutoka mbali mno, maana shaba ikipoteza kasi haifunguki kama ua. Akifanya hivyo, kichwa chake hupenya nyati kikiwa karibu kizima, bila kumwaga chembe nyamani. Ni kazi ya subira tu, wala si uchawi.

Jambo hili halipo mbali na Tanzania. Wageni huja kuwinda nyati na pofu, wengine wakiwa na risasi walizojaza kwao. Ngozi na vichwa husafirishwa. Nyama na mizoga hubaki, kwa wanakijiji na kwa tumbusi. Kisingizio cha bei hakina uzito kwa mtu anayelipa maelfu ya dola kwa safari moja, na vichwa vya shaba vinauzwa tangu miaka ya 1980. Kibali cha kuingiza bunduki kina nafasi ya kutosha kuandikwa sharti moja zaidi.