Laptopu ya mtumba isiuzwe kabla ya kufunguliwa

Laptopu ya mtumba inayowekwa kwenye kabati la duka Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi huwa imekwisha kula miaka kadhaa ya kazi katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba. Ikishafika dukani, kioo hufutwa, kibodi hupigwa brashi, Windows huwekwa upya, kisha bei hubandikwa. Ndani haiguswi. Baada ya wiki chache mwanafunzi aliyejinyima akainunua anaanza kulalamika: feni inavuma mchana kutwa, upande wa chini unaunguza mapaja, na akiingia kwenye darasa la mtandaoni mashine inakwama, kisha inajizima.

Hapo ndipo safari ya mafundi inapoanza. Mmoja atasema iongezwe ramu. Mwingine atasema mazabodi imekufa. Wa tatu atamshauri aiuze kwa bei ya spea anunue nyingine. Wakati mwingine kuna mmoja wao atakayekuwa amesema kweli. Lakini kwa mashine yenye umri huo inayochemka, vitu vya kwanza kushukiwa vingepaswa kuwa viwili, tena vya bei ndogo kuliko vyote: vumbi, na pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa.

Chukua mfano wa ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018 inayopatikana sana kwenye soko la mtumba. Mojawapo ya prosesa zake, Core i5-8250U, hufanya kazi kwa kasi ya kuanzia gigahezi 1.6 hadi 3.4, na Intel imeiwekea kikomo cha nyuzi joto 100. Inapokaribia kikomo hicho haisubiri kuungua, inajipunguzia kasi yenyewe. Ndiyo maana mashine inakuwa nzito hata baada ya kuongezewa ramu. Kasi ipo, ila joto limeifungia njia.

Joto la prosesa hutolewa na bamba la shaba lililobanwa juu yake, likapitishwa kwenye bomba bapa hadi kwenye mapezi membamba yanayopulizwa na feni. Tatizo ni kwamba uso wa prosesa na uso wa shaba, hata vikionekana laini, vina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo hujaa hewa. Hewa haipitishi joto vizuri. Pesti ya kawaida huipita zaidi ya mara mia, na kazi yake ni kuziba mapengo hayo tu. Ila haidumu milele. Mashine inapopata moto na kupoa kila siku, pesti husukumwa taratibu kuelekea pembeni, mafuta yake hukauka, na katikati hubaki ganda la kijivu lenye nyufa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa. Kwa hiyo mashine iliyovumilia ofisi yenye nyuzi 20 mjini Hamburg inaweza kushindwa Dar es Salaam mwezi wa Januari, chumbani nyuzi 32, pesti ikiwa ileile na vumbi likiwa lilelile.

Kazi ya kuirekebisha humalizika kwa saa moja mkononi mwa fundi makini. T480 hufungwa kwa skrubu sita upande wa chini. Kabla ya kuzigusa, betri ya ndani huzimwa kupitia BIOS, na ile ya nje huchomolewa. Kifuniko kikitoka, mara nyingi kati ya feni na mapezi hukutwa tabaka la vumbi lililoshikana, unaloweza kulinyanyua kwa kibanio likatoka zima. Feni hushikwa kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Skrubu za bamba la shaba zina namba, na hulegezwa na kukazwa kwa kufuata namba hizo ili bamba lisiegemee upande mmoja na kuvunja kona ya prosesa. Pesti ya zamani hufutwa kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi hadi uso ung'ae. Mpya hupakwa tabaka jembamba linalofunika uso wote, maana prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani.

Kosa linaloudhi zaidi ni la wanaopaka dawa ya meno. Ina maji, hukauka upesi, na joto hurudi palepale. Kosa la pili ni kupaka pesti mahali penye pedi laini, zile zinazokaa juu ya chipu za pembeni. Pedi ina unene uliopimwa. Ikiondolewa, pengo linalobaki ni kubwa mno kwa pesti kuliziba.

Gharama ya kupuuza joto imewahi kuonekana hadharani. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu zake zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu, baada ya malighafi dhaifu kushindwa kuhimili joto. Pesti peke yake isingeziokoa chipu hizo, lakini tukio hilo linaonyesha joto linaweza kufanya nini kwa mashine nzima. Na mashine inayotupwa haipotei. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Pesti haitibu kila kitu. Feni iliyokufa inabadilishwa, betri iliyovimba inatolewa mara moja, na mashine zilizotiwa metali ya majimaji kiwandani badala ya pesti waachiwe wanaozijua, kwa kuwa metali hiyo hupitisha umeme na hula alumini.

Kwa zilizobaki, mzigo wa kusafisha na kupaka pesti ni wa muuzaji. Yeye ndiye anayezinunua kwa wingi, yeye ndiye mwenye fundi dukani, na sirinji moja ya gramu 4 humtosha mashine kadhaa. Mnunuzi naye asiridhike na kioo kinachong'aa. Aombe mashine ifanyishwe kazi nzito kwa dakika kumi mbele yake, programu ya bure kama HWiNFO ikionyesha nyuzi joto. Kisha kwenye risiti, pembeni ya bei na muda wa waranti, iandikwe tarehe iliyosafishwa na kupakwa pesti mpya, pamoja na joto la juu lililosomeka siku ya kuuzwa.